Maji ya Siku ya Sita

Magdaline Nekesa alikuwa na wivu. Tuliseme hilo mapema, tusije tukamtafutia jina zuri zaidi baadaye. Hakuwa mwizi wala mvivu, na mdomo wake haukuwa mrefu. Alikuwa mpishi hodari wa miaka thelathini na mmoja, aliyempigia mama yake kule Kimilili, Kenya, kila Ijumaa na kumwambia kwamba Jeddah ni kwema. Lakini mwaka ule wa 2021 wivu ulimkaa kooni kama mwiba wa samaki. Kuumeza hakuweza, kuutema hakuweza.

Aliyemwonea wivu ni binti wa nyumba aliyofanyia kazi, Jinal Dodhia, msichana wa miaka ishirini. Akina Dodhia walikuwa Wahindi wa Kisumu, watu wa dini ya Jain. Baba, Nilesh, alipata kazi ya kusimamia mizigo kwenye Bandari ya Jeddah, akahamia mtaa wa Al-Rawdah na mkewe Varsha na mtoto wao huyo mmoja. Kiswahili hawakukiacha Kisumu. Ndiyo maana walipotafuta mfanyakazi wa kulala hapo hapo walitaka Mkenya, na ndivyo Bwana Nilesh alivyokuwa kafili wa Magda, mdhamini wake kisheria. Pasipoti ya Magda iliingia kwenye droo ya Madam Varsha, ikalala pamoja na vyeti vya chanjo na waranti ya friji.

Kupika kwao Magda alikujifunza kwa wiki mbili. Hakuna nyama, hakuna mayai, na hakuna kitu kilichochimbwa ardhini: viazi, karoti, vitunguu, hata kitunguu saumu, mafi, hakuna kabisa. Ladha ilitoka kwenye mvuje na pilipili. Chakula cha jioni kililiwa kabla jua halijazama, kwa hiyo msikiti wa jirani ulipoadhini magharibi, Magda alikuwa ameshaosha sufuria. Kwa mfanyakazi wa ndani hiyo ni bahati, na wenzake walimwambia hivyo kila walipozungumza.

Ila kabla ya sufuria hizo Magda alikuwa na shahada ya siasa, na baada ya shahada alikuwa na miezi mitatu ya kujifunza kazi katika bunge la kaunti. Alikaa chumba cha Hansard, vipokea sauti masikioni, akiandika neno kwa neno walichosema waheshimiwa na kuwasaidia kimyakimya pale walipokosea. Alijua mswada unavyoingia na unavyotoka. Alijua nani anasimama lini na kwa ruhusa ya nani. Miezi mitatu ilipokwisha aliambiwa aende nyumbani, ataitwa. Akasubiri mwaka na nusu, na aliyekuja kumwita ni wakala wa Saudia.

Hayo hakuna aliyeyajua pale Al-Rawdah mpaka Februari. Jinal alikuwa anasoma chuo London, lakini kwa sababu ya korona alisomea nyumbani kwa kompyuta, na mara nyingi alikaa meza ya jikoni kwa kuwa mtandao ulishika vizuri hapo. Siku moja akaja na habari. Jumuiya ya Wajain wa kule Uingereza ilikuwa inatafuta wanafunzi kumi wa dini yao, wakae wiki nane ndani ya ofisi za wabunge, wajifunze jinsi watu wa imani ndogo wanavyopeleka mambo yao bungeni: chakula cha wagonjwa wasiokula nyama, sheria za mifugo, sikukuu zisizojulikana. Fomu ilitaka mwombaji aeleze mswada unapita hatua gani. Jinal alisoma swali hilo kwa sauti mara tatu, akiuma kalamu.

"Kusomwa mara ya kwanza hakuna mjadala," Magda alisema, huku anakata karela. "Ni kutaja jina la mswada tu. Kelele zinaanza mara ya pili."

Jinal akainua kichwa. "Umejuaje?"

"Nilifanya attachment kwa county assembly. Nilikuwa Hansard."

"Na hukusema?"

"Hamkuuliza."

Tangu siku hiyo kila alasiri kukawa na darasa jikoni. Magda alimfundisha tofauti ya hoja na mswada, kamati zinavyokaa, na jinsi ombi la umma linavyoandikwa ili karani asipate sababu ya kulirudisha. Alikuwa mwalimu mzuri, na wiki ya kwanza alilala akitabasamu. Wiki ya pili alianza kuona kwamba kila anachokitoa kinaondoka. Yeye alikuwa anajaza mtungi wa mtu mwingine, na mtungi huo ulikuwa na tikiti ya ndege.

Machi ikaja na yake. Ilikuwa ile miaka ya mageuzi, kila mwezi na tangazo lake, na mara hii serikali ilisema mfanyakazi mgeni anaweza kubadili mwajiri bila ruhusa ya kafili. Simu za Wakenya mjini ziliwaka kwa pongezi. Magda alilisoma tangazo mpaka mwisho, kama alivyozoea kusoma, akakuta wafanyakazi wa nyumbani hawamo. Jioni hiyo Jinal alimpa insha yake aipitie. Ilihusu kuku wanaofugwa kwenye vizimba visivyowaruhusu kugeuka. Magda aliisahihisha kwa makini. Kilichomuuma ni kwamba ilikuwa insha nzuri, na kuku wale walikuwa wamepata mtetezi.

Hakumchukia Jinal. Laiti angekuwa msichana mkorofi, kazi ingekuwa rahisi. Jinal alisema asante, aliosha kikombe chake mwenyewe, na alimbeba mende kwa karatasi mpaka nje badala ya kumkanyaga. Magda alimwonea wivu kwa kompyuta yake, kwa miaka yake ishirini, kwa namna alivyosema "nikienda bungeni" huku anatafuna korosho. Alimwonea wivu hata kwa ule upole, maana aliona upole ni kitu mtu anachoweza kumudu akishajua kesho yake.

Julai Jinal akaitwa kwenye usaili, ufanyike kwa video mwezi wa Septemba. Tarehe yenyewe iliangukia siku ya sita ya siku nane zao kuu, ambazo mtu anayejiweza hufunga. Jinal alisema mwaka huu angefunga zote nane, bila chembe ya chakula, maji tu, na maji yenyewe mchana peke yake. Magda alimsimulia rafiki yake Lois, aliyefanya kazi kwenye jumba moja la Al-Hamra.

"Siku nane?" Lois alisema kwenye simu. "Wacha bana. Huyo anatafuta kitu. Kwetu watu hufunga tatu tu na wanapata visa. Huyo atapewa bunge mzima."

Maneno hayo Magda aliyachukua kama yalivyo. Kanisani kwao Kimilili, mtu akitaka kufunga aliandika haja yake kwenye karatasi, akaitia ndani ya Biblia, akafunga siku tatu. Ukisahau ukaonja chai, hata kijiko, maombi yalikuwa hayapandi tena; unaanza upya. Kwa hiyo Magda hakuwa na shaka yoyote juu ya kilichoandikwa kwenye karatasi ya Jinal.

Siku hizo nane walizifanyia Riyadh, kwa kaka mkubwa wa Bwana Nilesh, mzee Hasmukh, aliyekaa kwenye mtaa wa wageni wenye geti na walinzi. Familia za dini yao zilikuwa chache, zikakutana humo kila mwaka, mapazia yameshushwa, mambo yao wakiyafanya kwa sauti ya nyumbani. Walikwenda kwa gari. Kuanzia Taif Madam Varsha alishika usukani mwenyewe, miwani ya jua usoni, akiyapita malori kwa furaha ambayo Magda hakuwahi kumwona nayo jikoni.

Kule Riyadh kazi kubwa ya Magda ilikuwa maji. Anayefunga hanywi maji mabichi, hata yawe ya chupa. Sharti yachemke na kufura mara tatu, yapozwe kwenye sinia pana, yachujwe kwa kitambaa cheupe, ndipo yatiwe kwenye jagi la chuma. Magda alifanya hivyo siku ya kwanza mpaka ya tano bila kukosea. Jinal alikonda usoni, macho yakawa makubwa, lakini kila alasiri alikuja jikoni akiburuta miguu ili waulizane maswali ya usaili.

Asubuhi ya siku ya sita Magda alipiga pasi koti jeusi la Jinal la usaili. Alipokuwa anazungusha sinia ya chai kwa wageni sebuleni, alimsikia Madam anawaambia kwa Kiingereza, "Huyu mtoto anayajua mambo ya bunge kama aliyezaliwa humo. Sijui ameyatoa wapi." Wageni wakacheka kwa heshima. Magda alikuwa amesimama hapo hapo, hatua mbili tu kutoka kwa Madam. Jinal alikuwa kwenye kochi, shali mabegani. Alimtazama Magda, akatabasamu kidogo, akanyamaza.

Magda alirudi jikoni. Sufuria ya maji ilikuwa inamsubiri. Aliitazama, kisha akalichukua jagi la chuma akaenda nalo kwenye chupa kubwa la maji lililopinduliwa juu ya kiweko chake, akafungua bomba. Jagi likajaa. Aliyachuja maji hayo kwa kitambaa cheupe, kwa mazoea tu. Halas, basi. Usaili ulikuwa saa moja jioni, jua likiwa limeshazama, na msichana angeingia humo na mfungo uliovunjika asijue. Hakuna ambaye angeumwa tumbo. Ila karatasi ile isingepanda.

Jinal alikunywa glasi mbili kabla ya jua kuzama. "Asante, Magda," alisema, akajifuta midomo.

Saa moja Magda alisimama ukumbini nje ya mlango, nguo za kukunja mikononi. Alimsikia Jinal anaulizwa mtu asiye na jina wala cheo atawezaje kusikika bungeni, na akamsikia anajibu kwamba ombi la umma halihitaji jina kubwa, linahitaji kuandikwa sawasawa ili karani akose sababu ya kulirudisha. Ilikuwa sentensi ya Magda. Hata mahali pa kupumzika alipumzika pale pale. Wivu ulimpanda mpaka akahisi joto masikioni, na majuto kidogo aliyokuwa nayo tangu asubuhi yakatoweka.

Jibu lilikuja kesho yake mchana. Jinal amepata. Madam alilia, Bwana Nilesh akapiga simu Kisumu, mzee Hasmukh akamwekea mkono kichwani. Magda alikaa jikoni ameduwaa, anajaribu kuelewa. Mfungo aliuvunja kwa mkono wake mwenyewe. Imekuwaje basi?

Jinal alipokuja kuketi, Magda alijilazimisha. "Hongera. Mfungo wako umejibiwa."

Jinal akacheka, cheko hafifu la mtu mwenye njaa. "Umejibiwa na nani? Sisi hatufungi kuomba kitu, Magda. Hakuna wa kutupa."

"Sasa unakaa njaa ya nini?"

"Kujizuia tu. Tumbo, mdomo, hasira. Hasa hasira. Nikifunga tumbo halafu nimpigie mtu kelele, hiyo si kufunga, ni kukosa lunch." Akalaza kichwa mezani. "Hii ya bunge nili-prepare. Na wewe. Hii nyingine ni yangu tu, haina faida yoyote. Labda ndiyo sababu naipenda."

Hapo ndipo Magda alipoelewa alichokifanya. Nafasi ya bungeni hakuwa ameigusa kabisa. Alichokigusa ni kile kimoja ambacho msichana yule alikifanya bila kutaka chochote, na hicho Magda hakuwahi hata kukionea wivu.

Siku ya nane, baada ya sala ndefu ya alasiri, watu wa nyumba ile walianza kuzungukiana. Kaka alimwendea mdogo wake, mke akamwendea mume, viganja vimeunganishwa. Magda aliwaona kupitia mlango wa jikoni. Kisha Jinal akaja kwake, dhaifu, mkono mmoja ukutani, akaurudisha mlango. Akaviunganisha viganja.

"Magda, kama nimekukosea kwa mawazo, kwa maneno ama kwa matendo, nikijua ama bila kujua, naomba unisamehe." Viganja hakuvishusha. "Na ile siku ya wageni. Mummy aliposema hajui nimetoa wapi. Ningesema ni kwako. Nilinyamaza kwa sababu nilipenda vile walikuwa wananiangalia."

Magda angeweza kusema nimekusamehe, na mambo yaishie hapo. Kazi yake ingebaki, ikama yake, kile kibali cha kukaa Saudia, ingebaki, na mama yake Kimilili angeendelea kusikia kwamba Jeddah ni kwema. Lakini yale maneno ya kunyamaza yalimfungua kifua.

"Yale maji ya siku ya sita hayakuchemshwa," alisema. "Niliyatoa kwa bottle. Nilijua."

Jinal alishusha viganja. Alipojibu, sauti yake ilikuwa tulivu. "Kwa sheria yetu, mtu asiyejua hajavunja. Kwangu bado ni siku nane." Kisha akakunja uso. "Lakini kwa nini?"

"Nilitaka ukose hiyo nafasi. Nilidhani unafunga kwa sababu yake. Nilikuwa nakuonea wivu."

"Mimi? Nilikufanyia nini?"

"Hukunifanyia kitu."

"Nimekaa na wewe jikoni miezi saba. Nimekuita mwalimu wangu." Sauti ikaanza kupanda. Damu ilimjaa usoni, uso ambao kwa siku mbili haukuwa na rangi. "Na wewe unanichezea kwa maji, unanitazama nikinywa, nakwambia asante? Ndiyo maana uko hapa. Ndiyo maana wewe utaosha sahani zetu mpaka uzeeke, na mimi naenda."

Kwa kitambo kidogo, kama cha kupepesa macho, Magda alifurahi. Hili ni lazima lisemwe pia. Alifurahi kwa sababu mwishowe msichana yule alikuwa mchafu kama yeye. Jinal aliufunika mdomo kwa mikono yote miwili, akamtazama Magda juu ya vidole, macho yamejaa machozi, akageuka akatoka. Ndipo furaha ile ilipogeuka chungu mdomoni mwa Magda. Maji hayakuvunja kitu. Kilichovunja ni ungamo lake na hasira liliyoileta, katika saa ya mwisho ya siku ya mwisho.

Asubuhi ilikuwa sherehe. Anayemaliza siku nane hufunguzwa kwa mkono wa mkubwa wa familia, kijiko cha maji ya ndengu yaliyochujwa, na ndugu husimama kumzunguka. Jinal alikalishwa kitini, amevishwa nguo nyekundu. Magda aliingia na sinia, kikombe cha fedha juu yake. Mzee Hasmukh akachota kijiko, akauliza kwa sauti ya furaha, kwa Kiswahili chake cha Kisumu ili hata mpishi aelewe, "Haya, siku ngapi?"

"Saba," Jinal alisema.

Watu wakacheka, wakidhani amechoka. "Nane, mwanangu," Madam akamsahihisha.

"Saba, Mummy. Jana nilivunja. Msinipongeze kwa nane."

Kijiko kikasimama hewani. "Ulikula?" Madam aliuliza, na aibu ilikuwa imeshaanza kumwingia mbele ya wageni wake. "Jinal, ulikula nini?"

Jinal aliinamisha kichwa. Hakumtazama Magda hata mara moja. Ilikuwa wazi kwamba hatasema, leo wala kesho, na kwamba atabeba aibu hiyo mpaka London.

Magda alisimama na sinia yake. Wengine watasema alisukumwa na wema, au na hofu ya Mungu. Hapana. Aliutazama mgongo ule mwembamba uliovaa nguo nyekundu, akawaza kwamba Jinal ana chuo, ana bunge, ana mama wa kumlilia, na sasa anataka kuwa na hili pia: kusimama mbele ya watu wote na kusema ukweli, wakati Magda aliusema wake jikoni, kwa mtu mmoja, mlango umerudishwa. Akaona hilo hawezi kumwachia.

Akaiweka sinia sakafuni.

"Madam," alisema, "hakula chochote. Niulize mimi."